Dawa Iliyokukataa Si Siri



Mie nashona nguo za maharusi, na wakati wa kupima nasikia mengi. Leo nasema la nyumbani kwetu, na mwenyewe amenipa ruhusa.

Wifi yangu alijifungua kwa upasuaji, alhamdulillahi mtoto mzima. Baadaye mguu ukamvimba, kumbe damu imeganda ndani ya mshipa. Akaanzishwa sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Siku ya 7 mguu wa pili nao ukavimba. Alipopimwa damu, chembe sahani, zile chembe ndogo zinazoziba kidonda, zilikuwa zimeshuka chini ya nusu.

Nikajua sasa atatokwa na damu nyingi. Daktari akanambia hofu kubwa ni kinyume chake. Kwa watu wachache, heparini hushikana na protini inayotoka kwenye chembe sahani, na kinga ya mwili ikadhani imeona adui. Ikatoa kingamwili, nazo zikazichokoza chembe sahani mpaka zigandane mle mle mishipani. Ndiyo maana zinapungua huku damu inazidi kuganda. Mara nyingi hutokea kati ya siku ya 5 na ya 10. Heparini ikasitishwa papo hapo, akapewa dawa nyingine ya aina tofauti, kwani kuacha peke yake hakutoshi.

Mwaka uliofuata akalazwa tena kwa jambo jingine. Wifi ni mtu wa haya, ya kwake hayasemi. Nilitoka kununua maji, narudi namkuta nesi ameshika sindano ya kusafishia mpira wa dripu. Nikauliza, "Dada, hiyo ina heparini?" Ilikuwa nayo. Hata tone lile kwake ni hatari. Nesi akaiweka chini, akanishukuru.

Bibi harusi, tunafunzwa kusitiri ya ndani, na ni vizuri. Lakini dawa iliyokukataa si aibu. Iandike kwenye karatasi, ikae kwenye pochi pamoja na kitambulisho, na mumeo aijue. Siku ukishindwa kusema, yeye ndiye ulimi wako.

Na kama unachomwa sindano hizo sasa, usiache kwa kunisoma mimi, wengi zinawaokoa. Muulize tu daktari: chembe sahani zangu zitapimwa lini?

Allah atujaalie afya njema. Amin.