Fegi kwa Kipande cha Sabuni

Kabla ya kustaafu na kurudi kwetu Rukanga, chini ya Mlima Kasigau, nilikuwa askari jela katika gereza moja la wanawake huko Pwani ya Kenya. Ninayoyakumbuka zaidi ni ya miaka ya 1980. Pombe ya chang'aa ilikuwa imepigwa marufuku kwa sheria ya 1980, na wafungwa wengi niliowapokea walikuwa wapishi wa pombe walioshindwa kulipa faini.

Wengi waliingia bila kuwahi kugusa sigara. Wakongwe walinusa ugoro, na huku kwetu hakuna anayemshangaa bibi mwenye kikopo cha ugoro. Lakini msichana akionekana kijijini na sigara mdomoni, jina lake limekwisha. Ndani ya wadi aibu hiyo haikudumu.

Mle ndani fegi ilikuwa pesa. Ilinunua kipande cha sabuni, pamba ya hedhi, hata zamu ya kufua. Waliikata kwa wembe, wakapasua njiti ya kiberiti mara mbili ili isiishe upesi, wakavuta kwa kupokezana karibu na choo. Tulipekua, tukanyang'anya, tukaadhibu. Kesho yake ilikuwapo tena, na sote tulijua kwamba haikuruka ukuta. Ilipitia langoni, mikononi mwa baadhi yetu.

Mama mmoja wa huku Kasigau aliingia na ugoro wake, akatoka mvutaji. Nilimuuliza, "Mama, ugoro umeuacha?" Akanijibu, "Mwanangu, ugoro mpaka mtu akuletee. Mimi nani ataniletea? Fegi naipata kwa kuwafulia wenzangu, na nikiivuta usiku unapita."

Jibu lake nililithibitisha kila siku ya wageni. Mume akifungwa, mke hupanda basi na kikapu cha chakula. Mke akifungwa, mara nyingi haji mtu. Waliotembelewa walikuwa na sabuni yao, na wachache kati yao walianza kuvuta. Waliosahauliwa walianza kwa biashara, wakaendelea kwa upweke, mwishowe mwili wenyewe ukadai. Na watoto, ambao sheria inawaruhusu kukaa na mama zao hadi umri wa miaka minne, walilala katika moshi ule ule wakikohoa.

Mageuzi ya magereza chini ya Moody Awori, waziri aliyesimamia magereza, kuanzia 2003, yalileta magodoro na kuwafungulia wageni milango. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 nayo ikakataza kuvuta sigara magerezani. Naziunga mkono hatua zote mbili. Lakini katazo peke yake tulikuwa nalo tangu zamani, na halikumzuia hata mmoja. Anayetaka mwanamke mfungwa aache fegi na ampe kwanza sabuni na sodo ili asilazimike kuzinunua kwa mwenzake, kisha amtafutie mtoto wake nauli ya kwenda kumwona.