Kupewa Paswadi Sio Kupewa Programu

Jumamosi moja saa mbili usiku simu yangu ililia, namba ngeni. Jamaa akaniuliza kwa upole, "Boss, wewe ndio wa hii chama ya akina mama Umoja?" Nikadhani ni wale wa kuniambia nimeshinda gari. Halafu akaanza kunisomea majina. La tatu lilikuwa la mathe wangu, na namba yake ya simu, na pesa alizobakisha kulipa.

Manze, nilikaa chini.

Ngoja nirudi nyuma. Mimi na beshte yangu wa Kayole tuliandikia chama cha mathe programu ndogo. Wanachama 23, mia tano kila wiki, na daftari ambalo lilikuwa limemwagikiwa chai mara mbili. Programu ilikuwa inaona malipo yakiingia M-Pesa na kuandika nani amelipa na nani anadaiwa. Msimbo wote ulikaa GitHub kwa akaunti yake, kwa sababu yeye ndiye aliyeanza. Kisha akapata kazi Mombasa. Jioni ya kuondoka, tukiwa steji pale Mutindwa, akanitumia paswadi WhatsApp: "Buda, sasa hii ni yako." Nikajibu na emoji ya moto. Tukajua tumemaliza.

Hatukufikiria laptopu yake. Aliiuza tao kabla ya safari na hakufuta kitu. Brausa ilikuwa bado imeingia kwenye akaunti ileile, na ndani ya folda kulikuwa na faili la majina pamoja na funguo za Daraja, zile zinazoruhusu programu kuongea na M-Pesa. Aliyeinunua aliona namba yangu humo akapiga. Angekuwa mtu mwingine, sijui ningewaambia nini wale wamama.

Na sisi sio watu wa kuchezea vitu vyetu! Huku Eastlands ukihamia ploti unakuja na kufuli yako, hakuna anayetaka kufuli ya mpangaji aliyetoka, hata kama alikuwa pasta. Ukinunua gari, kushikishwa funguo haitoshi: muuzaji anaanzisha uhamisho kwa mtandao wa NTSA, wewe unakubali kwa akaunti yako, ndio jina kwenye logbuku libadilike. Lakini programu inayojua madeni ya wamama 23 tunapeana kama paswadi ya WiFi. Isitoshe, GitHub wenyewe wanasema akaunti moja ni ya mtu mmoja. Mle ndani kulikuwa na kazi zake zote, zile anazoonyesha waajiri. Ni kama nilikuwa natembea na kitambulisho chake mfukoni.

Usiku huo tulikaa kwa simu mpaka saa saba. Kwanza akabadilisha paswadi, akatoa kila kifaa kilichokuwa kimeingia, akawasha uthibitishaji wa hatua mbili. Mimi nikawasha wangu. Ndio sasa tukahamisha vile inafaa: mipangilio ya mradi, chini kabisa, pale pamezungushiwa mstari mwekundu. Unaandika jina la mradi kuthibitisha, unaweka akaunti ya anayepokea, na huyo anapata barua pepe. Ana siku moja ya kukubali, ikipita mnaanza upya. Nilikubali mbio kama mtu anayepewa shamba. Linki za zamani zinajipeleka zenyewe pale mpya, mradi tu yeye asifungue mradi mwingine kwa jina lile lile.

Funguo za Daraja nazo zilibaki vile zilikuwa. Kuhamisha mradi hakubadilishi siri zake, na hata ukifuta faili, historia ya Git bado inalo. Kwa hivyo za zamani tukaziua, tukatoa mpya.

Sasa ile ngumu. GitHub ikihamisha mradi humwacha mwenyewe wa kwanza ndani kama mshiriki. Nikaona jina lake pale, nikamwambia nataka kulitoa. Kimya. Halafu, "Kwani unaniona mwizi?"

Huyu ni msee tumekula naye smokie moja tukigawana. Nikaanza kujieleza nikajikwaa, mwisho nikamwambia ukweli: "Wewe sio mwizi. Lakini laptopu yako iliuzwa." Alicheka, ingawa si sana. Nikabonyeza. Nadhani hapo ndipo wengi wetu hushindwa, kwa sababu kubadilisha kufuli mbele ya rafiki inakaa kama tusi. Ningeacha jina lake kwa heshima tu, na heshima hiyo ningekuwa nailipa kwa pesa za watu wengine.

Alinitumia kisa kimoja baadaye, labda kunirudishia. Mwaka 2018 Dominic Tarr, mwenye kifurushi cha event-stream kilichokuwa kikipakuliwa zaidi ya mara milioni moja kwa wiki, alichoka nacho. Mtu asiyemjua akamwandikia akijitolea kukitunza, akampa. Huyo mgeni akapenyeza msimbo wa kuiba bitcoin kutoka kwa pochi za Copay. Chini yake beshte akaandika, "Na wewe ukichoka, utampa nani?" Bado sina jibu.

Jumapili nilisimama mbele ya chama nikawaambia kila kitu, hata yule mgeni aliyesoma majina yao. Mmoja aliniuliza kama mume wake anaweza kuona deni lake humo. Nikasema hapana. Alitulia kabisa, nikajua hilo ndilo lilikuwa swali lake lote.

Tukirudi nyumbani mathe akauliza, "Na yule kijana wa Kayole, mmekosana?"

"Hatujakosana, mathe."

"Basi akirudi aje chai." Akafungua mkoba. Daftari lilikuwa ndani, na wiki zote tatu za mwisho zilikuwa zimeandikwa kwa biro.