Gari ya guka haiwekwi 2JZ

Wasee, kabla mniulize tena: hapana, siweki injini ya Supra. Najua ingeruka. Nimeelezwa na mabinamu, na jamaa wa kuosha magari, hata na makanga mmoja hapa Nakuru ambaye sikuwa nimemwuliza kitu.

Gari ni Datsun 240Z. Boneti ndefu, milango miwili, silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili. Edgar Herrmann alishinda Safari Rally ya 1971 na gari aina hii, na 1973 Shekhar Mehta akashinda nayo tena, mwaka ule yeye na Harry Källström walimaliza wakiwa na pointi sawa kabisa. Guka alitusimulia hiyo ya 1973 kila Pasaka, ungedhani ni yeye aliyekuwa akihesabu pointi. Yake aliinunua mkononi miaka mingi baadaye. Mimi nimeijua ikiwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wakitaga kwa kiti cha abiria.

Guka alipofariki, ankol alikuja na mnunuzi siku ya matanga. Cucu akamwambia, "Hiyo ni ya yule alikuwa akimshikia tochi." Huyo ni mimi. Lakini kushika funguo si kumiliki. Logbook ilikuwa na jina la marehemu, kwa hivyo ilibidi twende kortini: barua ya chifu, tangazo kwenye Gazeti Rasmi, siku 30 za mtu kupinga, halafu miezi sita kabla kibali kithibitishwe. Kama una gari ya mzee nyumbani, anza hapo kabla hujanunua hata plagi moja.

Kisha tukainua kapeti. Sakafu ya upande wa dereva ilikuwa imeliwa na kutu, na juu ya shimo guka alikuwa amepigilia kopo la Kimbo lililonyooshwa. Maandishi bado yanasomeka. Fundi alicheka, mimi nikanyamaza. Kiti kinafungwa kwenye sakafu hiyo, na sakafu ikikatika uko barabarani. Tulikata yote tukachomelea chuma kipya. Kile kipande nilikitoa kwenye takataka jioni, kiko kwa buti. Usiniulize cha nini.

Kuhusu kabureta, mafundi wawili waliniambia nitupe. Wa tatu, mzee mmoja wa Grogan, alitoa kipande cha mpira wa maji, akaweka ncha moja kwa sikio na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza. Akasikiza. Akaenda kwa ya pili. Akazungusha skrubu kidogo sana, akarudi kusikiza, mpaka zote mbili zikapumua sauti moja. Dakika ishirini, bila kompyuta. Injini ikatulia nikadhani imezima.

Sasa hiyo ndiyo mnataka nitoe? Ukiweka injini yenye nguvu mara mbili, gia haitoshi, difu haitoshi, breki hazitoshi, radieta haitoshi, na lazima ukate bodi. Utakuwa na gari kali, sawa. Ya guka itakuwa imebaki milango.

Lakini hata wale wa "usiguse kitu" sikuwasikiza. Pointi nimetoa, nimeweka cheche za kielektroniki. Umeme wote wa taa za mbele ulikuwa ukipita kwenye swichi ya dereva, na swichi ilikuwa imeanza kuungua, kwa hivyo tumeweka rilei. Paipu za breki ni mpya zote. Mikanda nimefunga ya kisasa, ile inayojivuta yenyewe, na kwa hiyo hakuna mjadala. Kuna mtu alinuna eti nimeharibu thamani. Mimi siuzi.

Wa kwanza kupanda alikuwa cucu. Nikamfunga mkanda, akauangalia kama nyoka.

"Huyu mzee aliweka hii lini?"

"Niliweka mimi, cucu."

"Mm." Tukatoka geti, tukafika kwa bampu, nikakanyaga breki. Akashika ule mkanda. "Yeye alikuwa akinizuia na mkono."