Dawa ya Moto ni Moto

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa dawa ya moto ni moto. Kauli hii imepata ushahidi mpya katika vita dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, adui mkongwe wa mfugaji.

Ng'ombe aliyeambukizwa hudondokwa na udenda, huchechemea na kususia malisho. Maziwa hupungua, na ndama huweza kufa kwa kudhurika moyo. Kisha karantini huwekwa, minada ya mifugo ikafungwa, na mtoto ambaye karo yake ilitegemea fahali mmoja akabaki nyumbani. Chanjo ipo, ila huchukua siku kadhaa kabla ya kuleta kinga, na kinga yenyewe hudumu takriban miezi 6. Isitoshe, virusi hivi vina aina 7, na chanjo ya aina moja haikingi dhidi ya nyingine.

Virusi vyenyewe ni nini? Ni ujumbe wa RNA wenye herufi zipatazo 8,400, uliofungwa ndani ya ganda la protini. Seli, kama mtumishi asiyemjua bwana wake, huupokea, huusoma na kuutii. Hapo ndipo moto hukutana na moto. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha, kwa kumchunguza mnyoo mdogo, kuwa RNA ya nyuzi mbili huweza kuinyamazisha jeni inayolingana nayo. Wakatuzwa Nobel mwaka 2006. Vipande vya herufi zipatazo 21 huiongoza seli kuutambua ujumbe wa adui na kuukata. Mwaka 2004 watafiti nchini China waliielekeza mbinu hiyo kwa virusi vya miguu na midomo: kuzaana kwavyo kulizuiwa katika seli za maabara, na vipanya wachanga wakapata kinga kiasi.

Hata hivyo, kipanya si fahali. Vipande hivyo huoza upesi mwilini, na kuvifikisha kwenye seli za mnyama mkubwa ni kibarua kigumu. Virusi navyo ni vinyonga: herufi ikibadilika mahali palipolengwa, shabaha huweza kukosekana. Ndiyo maana wataalamu hulenga sehemu zisizobadilika sana, tena kadhaa kwa pamoja.

Hadi molekuli hizi zitakapotoka maabarani na kufika zizini, mfugaji asiache mbachao kwa msala upitao. Chanjo na karantini zingali ngao yake. Lakini anayedhani kuwa sayansi hii ni anasa ya mataifa tajiri na amkumbuke fahali yule, na karo ile.