Sehemu ya Pili ya Batumbula

Mabishano yalianzia chumbani kwa rafiki yetu mmoja, jioni ya mvua, umeme ulipokuwa umerudi na kompyuta ina chaji ya kutosha filamu mbili. Tulikuwa wanne, wote wanafunzi wa isimu. Tuliangalia kwanza Nneka the Pretty Serpent ya 2020, iliyotengenezwa upya kutokana na filamu ya Zeb Ejiro ya 1994. Kisha tukaangalia Living in Bondage: Breaking Free ya Ramsey Nouah, ambayo ilitoka 2019 kama mwendelezo wa Living in Bondage ya 1992. Filamu za kutisha za Nijeria, zote mbili zimetokana na kaseti ambazo kaka zetu walizitazama wakalala taa zikiwaka. Moja inarudia hadithi, nyingine inaiendeleza. Tukaanza kuulizana ipi njia bora, na hadi saa sita usiku tulikuwa bado tunapiga kelele.

Mimi nilikuwa upande wa marudio, na sikutaka kusikia kitu. Nilisema kwamba sehemu ya pili mara nyingi hutafuta pesa tu. Mtu amekwisha kuponea chupuchupu katika nyumba ya mapepo, na mwaka unaofuata anarudi mlemle, eti alisahau koti. Lakini hadithi inayosimuliwa upya inapata mdomo mwingine. Wajapani walitoa Ringu mwaka 1998, ile ya mkanda wa video unaomuua kila anayeutazama. Wamarekani wakaisimulia kwao mwaka 2002, na hofu haikupungua. The Thing ya John Carpenter ya 1982 imetokana na hadithi iliyokuwa imekwisha kuwekwa kwenye filamu mwaka 1951, na leo ni ile ya 1982 inayotajwa zaidi. Mwenzangu akanitolea Psycho ya 1998, iliyofuata ile ya Hitchcock ya 1960 karibu picha kwa picha, ikachusha watu. Nikamjibu kwamba huko siko kusimulia upya. Huko ni kusoma kwa sauti karatasi ya mwenzako.

Hoja yangu kubwa haikutoka kwenye filamu, ilitoka kwetu Likasi. Nilikuwa nakusanya masimulizi ya batumbula kwa ajili ya tasnifu yangu. Msomaji wa Katanga hahitaji maelezo, lakini kwa wengine niseme: batumbula ni watu ambao, wakati wa Wabelgiji, ilisemekana huvizia usiku, humkamata mtu mweusi anayetembea peke yake na kumpeleka kwa Wazungu, akaliwe. Pwani ya Kenya na Tanganyika walisema mumiani. Nairobi na Kampala walisema wazimamoto. Rodezia ya Kaskazini walisema banyama. Mwanahistoria Luise White alizikutanisha hadithi hizi katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, na ukisoma unaona ni hofu ileile inabadilisha nguo kila inapovuka mpaka. Hata neno letu lina ladha yake. Mswahili wa pwani husema tumbua, kwa kuwa l imemdondoka njiani. Sisi l yetu tumeishika, kama tulivyoshika ba- pale wao wanaposema wa-. Kila ninaposikia mutumbula nasikia kisu kinapita tumboni.

Nilikuwa na masimulizi kumi na moja daftarini, kila moja na namba yake, na hakuna hata moja lenye sehemu ya pili. Mtu anakamatwa, basi. Atakayesimulia kesho ataleta mtu mwingine, njia nyingine, labda gari badala ya kamba. Niliwaambia wenzangu: mnaona? Jadi yetu ni marudio. Waliokuwa wanabisha walinyamaza, nami nikalala nimeshiba ushindi.

Simulizi namba moja ni la nkambo wangu. (Nkambo, si bibi. Kwetu bibi ni mke, na mgeni wa Dar es Salaam akimwita nkambo wangu bibi atasababisha kicheko au ugomvi.) Alilisimulia tangu tukiwa wadogo: baba yake alitoka jioni moja kwenye kambi ya wafanyakazi, hapahapa Likasi ilipokuwa bado inaitwa Jadotville, akaenda kuangalia mtego wake wa samaki, asirudi. Walikuta kofia. Nkambo alikuwa na miaka kama saba. Nimelisikia pengine mara thelathini, na kila mara kofia ilikuwa mahali pengine: kando ya maji, juu ya mti, mikononi mwa askari. Nilizipenda kofia zile. Nilikuwa nimeziandalia jedwali.

Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani na simu ya kurekodia. Nkambo alikuwa kwenye mbabula anageuza mahindi, mdogo wangu yuko pembeni. Nikamwomba alisimulie tena, akalisimulia. Safari hii kofia ilikuwa kwenye majani. Alipomaliza, mdogo wangu, ambaye filamu anaziona kuliko masomo, akauliza, “Na sehemu ya pili, nkambo?”

Nilitaka kucheka. Nkambo hakucheka. Aligeuza hindi moja ambalo lilikuwa limekwisha kuiva, kisha akaniambia, “Zima kwanza ile telefone.”

Nikazima.

“Hakukufwa,” alisema. “Batumbula hawakumukamata. Alikimbiaka tu.”

Nitaeleza kwa ufupi aliyotueleza kwa kirefu. Miaka minne au mitano baada ya kofia, msafiri alipita akiwa na habari kwamba yule bwana ni mzima, yuko ng’ambo, Kitwe, anafanya kazi mgodini na ana mke mwingine. Mama yake nkambo alimsikiliza msafiri mpaka mwisho, akampa chakula, akamwambia asirudi. Kwa watoto hakusema neno. Jioni ile aliwasimulia tena habari ya kofia. Nkambo alikuwa nyuma ya mlango, alikuwa amesikia yote.

“Mama yako alijua kwamba umesikia?” nikamuuliza.

“Alijua.”

Mdogo wangu akauliza kama ndiyo mwisho. Kumbe bado. Baada ya miaka mingi, nchi imekwisha kuwa Zaire na nkambo ana watoto wake, mtu alibisha hodi. “Nilifungua mulango, nikaona uso yangu,” alisema. Alikuwa mwanamke mwenye paji lake, macho yake, hata pengo la meno ya mbele. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, alichanganya na Kibemba. Mtoto mgongoni. Alikuwa amevuka mpaka akiuliza nyumba kwa nyumba, kwa sababu baba yao alikuwa mgonjwa na alikuwa ametaja jina la nkambo.

Nimeona filamu nyingi za kutisha. Sijaona mlango unaofunguliwa namna ile.

“Nilimupa mayi,” nkambo alisema. “Akakunywa. Njo nikamwambia: tata yangu miye alikamatwaka na batumbula. Nikamwonyesha njia.”

Mwanamke yule hakubisha. Alirudisha kikombe kwa mikono miwili, akaenda.

Nilikaa kimya nikiifikiria Living in Bondage, ambayo katika mabishano yetu niliipita haraka. Mwaka 1992 Andy Okeke anamtoa mkewe kafara ili apate mali. Ungeweza kuirudia filamu ile mara mia, na kila mara mke angekufa upya na Andy angetajirika upya. Nouah alifanya jambo gumu zaidi: baada ya miaka 27 alimleta Nnamdi, mwana wa Andy, kijana ambaye hakuuliza kuzaliwa kwa mtu yule. Marudio yasingempata kamwe mtoto huyo. Hana nafasi humo.

Nkambo amenipa ruhusa ya kuandika haya. Alisema wote wamekwisha kufa, hata dada yule huenda, ila majina nisiyaweke. Kwenye tasnifu bado yako masimulizi kumi na moja. Jedwali la kofia nimelitoa. Mwalimu anayenisimamia ameniuliza limekwenda wapi, na bado sijamjibu vizuri.

Usiku ule nilimwambia nkambo habari ya filamu, ili tu niseme kitu. Alisikiliza akichokoa makaa.

“Ule kijana alimukuta tata yake?”

“Alimkuta, nkambo.”

“Muzima?”

“Mzima.”

Akanikabidhi hindi, lilikuwa limeungua upande mmoja, akauliza kama filamu yenyewe iko ndani ya telefone.