Penga Penga: udongo uliokufa unaanza kuota

Ukifika Lubumbashi watu watakuonyesha kwanza shemine ndefu na ule mulima mweusi wa mabaki ya kiwanda. Leo tutembee mbele kidogo, upande wa kaskazini-magharibi, mupaka Penga Penga.

Shaba ilianza kuyeyushwa katika muji huu mwaka 1911. Wakati wa kiangazi upepo unatoka kusini-mashariki, basi kwa miaka mingi moshi ulianguka huku. Ndani yake kulikuwa shaba, zinki, risasi, kadmiumu, pamoja na asidi. Miti ilikufa, mvua ikabeba udongo wa juu. Ukisimama pale utaona mahali patupu, hata jani moja hakuna.

Lakini angalia tena. Watu wa Univerisite ya Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walifanya majaribio hapa. Walichanganya udongo na mbolea ya takataka na chokaa, kisha wakapanda majani yanayozoea kuota juu ya vilima vya shaba vya Katanga. Jani moja linaitwa Microchloa altera. Pengine walichimba mashimo, wakayajaza mbolea, wakapanda miti.

Namna gani takataka inaponya udongo? Chokaa inapunguza ukali wa asidi. Mbolea iliyooza inaikamata shaba, isiyeyuke sana katika maji na kuchoma mizizi. Majani yakifunika udongo, vumbi halipeperuki tena kuingia nyumbani. Lakini sikieni vizuri: sumu haikutoka. Imefungwa tu.

Hapo mimi mwenyewe nilikosa. Vijana wa kanisa letu walitia samadi na maganda ya muhogo katika kiwanja kisichoota kitu. Lengalenga zikaota vizuri sana! Nilisimama mbele ya watu nikazisifu. Kisha ibada mama moja akaniuliza: «Pasta, hizi tunaweza kupatia batoto?» Sikuwa na jibu. Nikaenda kwa mutu wa kilimo, naye akaniambia: «Kuwa kijani si kuwa safi. Kadmiumu inaingia ndani ya mboga, na mboga haionyeshi ugonjwa. Ukiosha, unatoa vumbi la juu. Kile kilichopita kwa mizizi kinabaki.»

Tulizing'oa. Vijana walikasirika, maana walitoa jasho lao. Niliwaomba radhi mbele ya wote. Leo pale kuko majani ya kufunika udongo na miti ya kivuli, na mboga tunalima pahali pengine.

Basi wewe unayekaa karibu na kiwanda, usichome maganda na majani; yaozeshe. Ondoa kwanza mabetri, vyuma na plastiki, maana vinaleta sumu nyingine. Funika kiwanja, batoto wasichezee vumbi. Kama huna hakika na udongo, usipande sombe wala lengalenga mbele ya kuuliza wenye kujua.

Katika Luka 13, mutunza shamba aliombea mutini usiozaa: wauache mwaka moja tena, auchimbie na kuutilia mbolea. Hakusema kesho utazaa. Aliomba wakati, na alikubali kazi. Sisi pia tuombe wakati, tushike jembe, na tusidanganye watu kwamba matunda yamekwisha kuiva.