Ushuhuda Niliouharakisha

Mikumi ni mji wa malori. Yanayokwenda Zambia hupita hapa usiku na mchana, na kijana ninayemsimulia alikuwa utingo wa mojawapo. Ameniruhusu niandike, ila bila jina.

Alikuja kwangu amekonda, anakohoa, usiku anatoka jasho hadi shuka linalowa. Aliniambia kwa siri kuwa ana VVU. Makohozi yalipopimwa kwa hadubini, vimelea vya kifua kikuu havikuonekana, nasi tukamshukuru Mungu. Kumbe kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka, mara nyingi ugonjwa huo hujificha hadubini isiuone. Daktari hakuridhika, akaagiza kipimo cha vinasaba, ukaonekana. Akaanzishiwa matibabu ya miezi 6: dawa 4 kwa miezi 2, kisha 2 kwa miezi 4. Baada ya wiki 2 zikafuata dawa za kufubaza VVU, pamoja na septrini ya kila siku kumkinga na nimonia. Mkojo ulipogeuka rangi ya chungwa aliogopa. Nesi akamweleza ni dawa tu.

Miezi 2 ilipopita alikuwa amenenepa. Nikamsimamisha kanisani atoe ushuhuda. Kwaya iliimba, nami nikatangaza kwamba Bwana amemponya. Nilisema kwa furaha, sikupima neno.

Wiki chache baadaye simu yake haikupatikana. Nikapanda basi kwenda Kilosa kwa mama yake, kupitia Ulaya, vumbi tupu. Nilimkuta amelala mkekani, anahema kwa shida. Dawa zote alikuwa ameziacha.

“Baba Mchungaji,” mama akaniuliza, “si wewe uliyesema amepona?”

Nimehubiri mara nyingi juu ya wale wakoma 10 wa Luka 17, lakini sikuwahi kutulia pale Yesu anapowatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Katika Walawi 13 kuhani humtenga mtu siku 7, humkagua tena, ndipo hutangaza. Mimi nilianza na kutangaza.

Tulimrudisha hospitali siku ileile. Walipima upya kuona kama vimelea vimekuwa sugu. Namshukuru Mungu, havikuwa. Jumapili iliyofuata niliwaambia washarika kwamba nilikosea. Mama akawa msimamizi wake wa dawa, na kila asubuhi alinipigia: “Amemeza.” Siku moja alichelewa kupiga, chai ikanishinda.

Dawa za kifua zilipokwisha (zile za VVU anaendelea nazo) alikuja tena kuomba nafasi ya kushuhudia. Nikamwomba kwanza kadi ya kliniki.